Flashi Ukumbini: Majibu kwa Wanaoanza Kupiga Picha za Harusi

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazohusu matumizi ya flashi katika harusi zinazofanyika ndani. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi hayakuchapwa.

*Ndugu Mhariri, ninajifunza kupiga picha. Mama mdogo ameniomba nipige picha za harusi ya binti yake, kwa sababu kamati imeshindwa kumlipa mpiga picha wa kazi hiyo. Nina kamera yenye lenzi moja ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo, pamoja na flashi ya kuchomeka juu ya kamera ambayo niliinunua ikiwa imetumika. Nilijaribu kwenye kitchen party, nikakuta uso wa bibi harusi mtarajiwa umetoka mweupe kama umepakwa majivu, ukuta wa nyuma yake una kivuli cheusi, na wageni waliokaa mbali hawaonekani kabisa. Harusi ni mwezi ujao, usiku, ndani ya ukumbi. Nianzie wapi?* — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, makosa mawili ya kwanza uliyoyataja yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba flashi yako ilikuwa imemwelekea mtu usoni. Mwanga unaotoka kwenye kioo kidogo, kilichokaa juu kidogo tu ya lenzi, humfikia mtu kutoka upande uleule kamera inakotazamia. Kwa hiyo hufuta vivuli vidogo vinavyoupa uso umbo lake, humeremeta juu ya jasho na mafuta ya ngozi, na huchora ukutani kivuli chenye kingo kali. Poda nayo huchangia. Baadhi ya poda za kumalizia vipodozi zina silika au dioksidi ya titani, na chembe hizo, ambazo katika mwanga wa kawaida jicho halizioni, huurudisha mwanga wa flashi kwenye lenzi, ndipo uso mweusi uliopambwa kwa ustadi hutoka na weupe huo ulioueleza. Usimlaumu mpambaji. Geuza kichwa cha flashi.

Kama flashi yako ina kichwa kinachozunguka, kielekeze kwenye dari au ukuta mweupe ulio nyuma yako kwa upande, ili mwanga ugonge eneo pana kwanza kisha ndipo umrudie mtu. Eneo hilo pana sasa ndilo linalokuwa taa yako, na kadiri taa inavyokuwa pana ndivyo vivuli vinavyokuwa laini. Wanaoanza hupenda kukielekeza kichwa juu wima, lakini mwanga unaoshuka wima kutoka darini huacha mashimo meusi chini ya nyusi na kidevu, hasa mtu akiwa karibu nawe. Afadhali uinamishe kichwa nyuma na pembeni, juu ya bega lako la kushoto au la kulia, kutegemea upande ulio na ukuta. Kata kipande cha karatasi ngumu nyeusi, ukifunge kwa mpira wa nguo kwenye kichwa cha flashi upande unaowaelekea watu, ili mwanga usiwafikie moja kwa moja. Kifaa hicho hakigharimu chochote cha maana, nacho kitakusaidia kuliko vikombe vingi vya plastiki vinavyouzwa madukani kwa jina la kulainisha mwanga.

Kosa la tatu, la wageni kupotea gizani, ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndilo linalowatesa wengi. Picha ya flashi ndani ya ukumbi ni picha mbili zilizopigwa kwa pamoja: moja ni ya mwanga wa flashi, nyingine ni ya mwanga wa taa za ukumbi. Mwako wa flashi ni mfupi mno, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ukipunguza nguvu yake unakuwa mfupi zaidi. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa mbele ya sensa (bamba la ndani ya kamera linalopokea mwanga), ikiwa wazi kwa 1/60 ya sekunde au kwa 1/125, mwako wote unakuwa umekwisha kuingia katika hali zote mbili. Ndiyo maana kasi ya shata haibadilishi mwangaza wa flashi. Inachobadilisha ni muda ambao taa za ukumbi zinapewa kuingia. Tundu la lenzi na ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa upande mwingine, hugusa picha zote mbili. Ukilishika hili, umeshika sehemu kubwa ya kazi: shata ndiyo inayoamua ukumbi uonekane kiasi gani, na nguvu ya flashi ndiyo inayoamua watu waonekane kiasi gani.

Kwa hiyo weka kamera kwenye M, yaani hali ambayo mipangilio yote unaichagua mwenyewe. Zima flashi kwanza. Anza na ISO 1600, tundu la f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na shata ya 1/60, upige picha ya ukumbi wenyewe. Unachokitaka ni picha iliyo na giza, lakini ambamo taa, mapambo na meza zinatambulika, na watu wanaonekana hafifu. Ikiwa ni giza tupu, panda hadi ISO 3200 au shusha shata hadi 1/40; ikiwa watu wameshaonekana vizuri bila flashi, punguza. Baada ya hapo ndipo uwashe flashi. Nimependekeza f/5.6 kwa makusudi. Lenzi nyingi za aina yako hufunguka hadi f/3.5 zikiwa kwenye milimita 18, lakini ukizivuta hadi 55 hazifunguki zaidi ya f/5.6, ukichagua f/4 kisha ukavuta, kamera italibana tundu yenyewe bila kukuuliza na ukumbi utaingia giza katikati ya tukio.

ISO hiyo isikutishe. Katika maelezo ya flashi kuna namba ya mwongozo, ambayo ukiigawa kwa namba ya tundu unapata umbali, kwa mita, ambao flashi inaufikia kwa nguvu yake yote kwenye ISO 100. Flashi ya namba 40 kwenye f/5.6 hufika mita 7 hivi. Ukipanda hadi ISO 1600 umbali huo huongezeka mara nne, karibu mita 28. Bila shaka watengenezaji huipima namba hiyo kichwa kikiwa kimebanwa ili mwanga uende mbali, kwa hiyo ukumbini utapata pungufu. Na mwanga unaopitia darini hupotea sana, mara nyingi hubaki robo au chini ya hapo, mbali na kwamba safari yake ya kupanda na kushuka ni ndefu kuliko umbali kati yako na mtu. Hata hivyo kwenye ISO 1600 unabaki na akiba, flashi haifanyi kazi kwa nguvu yote, inajichaji upesi na haichemki. Anayeng'ang'ania ISO 200 kwa kuogopa chembechembe zinazoonekana pichani ISO ikipanda huishia kuikosa picha ya kulishana keki akisubiri flashi ijae.

Mpaka wa juu wa shata nao uujue. Kamera nyingi haziendani na flashi zaidi ya 1/200 au 1/250. Ukivuka hapo, pazia la pili linakuwa limeshaanza kufunika sensa kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, na sehemu ya picha hutoka ikiwa na utepe mweusi. Ukumbini huhitaji kasi hiyo. Wanaocheza watatulizwa na ufupi wa mwako wenyewe, mradi mwanga wa ukumbi uwe hafifu kuliko wa flashi; ukiachia mwanga wa ukumbi ukaribiane na wa flashi, utaona kivuli cha mkono kikiburuzika nyuma ya mkono.

Limebaki suala la TTL, yaani mfumo ambao flashi hutoa mwako mdogo wa kupima kabla ya mwako wenyewe, kisha kamera huamua nguvu. Utumie, kwa kuwa watu watakuwa wakisogea, lakini usiuamini kupita kiasi. Kipimo hicho hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera huona mwanga umezidi, hupunguza flashi, na uso wa bibi harusi hutoka mweusi kuliko ulivyo. Bwana harusi akisimama peke yake na suti nyeusi, hutokea kinyume chake na paji la uso huungua. Kwa ngozi zetu, na kwa gauni la harusi, mimi huanza kwa kuongeza nguvu ya flashi theluthi mbili za hatua hadi hatua moja, kisha natazama kama nakshi za gauni bado zinaonekana. Hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu. Piga faili za RAW, yaani zinazohifadhi data yote ya sensa, si JPEG peke yake ambazo kamera imeshazibana, ili tofauti kati ya gauni na ngozi uweze kuisawazisha baadaye.

Na kabla ya siku hiyo, omba uruhusiwe kuingia ukumbini usiku taa zikiwa zimewashwa. Ukikosa nafasi hiyo, mkalishe ndugu mmoja sebuleni, avae shati jeupe, uzime taa zote isipokuwa moja, ufanye haya yote hadi vidole vijue vitufe vilipo bila kutazama. Vilevile mweleze mama mdogo waziwazi kwamba unajifunza, na umwombe mtu wa pili mwenye kamera awepo. Harusi hairudiwi, na anayekupenda atakuelewa.

*Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke na napiga picha za shughuli za wanawake, hasa usiku wa kupamba. Kumbi za siku hizi hufunikwa dari nzima kwa vitambaa vya zambarau na vya dhahabu, na jukwaa huzungushiwa taa za LED. Nikielekeza flashi juu, kila mtu hutoka wa zambarau. Nikiielekeza mbele, nyuso hutoka bapa. Tena baadhi ya picha zina mistari ya giza iliyokata fremu. Kamera imeharibika?* — Msomaji, Mombasa

Kamera yako ni nzima, Bi. Msomaji. Mwanga huchukua rangi ya kile ulichogonga. Kitambaa cheupe darini ni baraka kwa mpiga picha, kwa kuwa huusambaza mwanga vizuri, na cha dhahabu hafifu kinaweza kuvumilika kwa sababu huleta joto linalokubalika na ngozi. Cha zambarau, chekundu au kijani hakifai kabisa, wala hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoiondoa rangi hiyo usoni bila kuliharibu gauni. Katika ukumbi wa namna hiyo tafuta ukuta, mlango mweupe, au hata ubao mweupe ambao msaidizi ameushika pembeni. Ukikosa vyote, itoe flashi juu ya kamera. Kwa kifaa cha redio cha kuwashia flashi kwa mbali na mwavuli mdogo mweupe, msaidizi akisimama hatua chache upande mmoja wa jukwaa huku taa ikiwa juu kidogo ya kichwa cha bibi harusi na ikimshukia kwa mshazari, utapata uso wenye umbo bila kuihitaji dari. Kwa kuwa bibi harusi hukaa jukwaani kwa muda mrefu na umbali haubadiliki, hapo acha TTL, uiweke flashi kwa nguvu unayoichagua mwenyewe, na kila picha itafanana na mwenzake. Mwanga huohuo wa pembeni ndio utakaoonyesha hina na piko mikononi; flashi ya mbele huimeremesha ngozi na kuipausha michoro.

Taa za LED za rangi zina ugumu wake. Taa ya zambarau ya jukwaani haitoi mwanga kamili uliotiwa rangi, bali hutoa vipande vichache tu vya rangi, kwa hiyo uso uliomulikwa nayo peke yake hauna rangi ya ngozi ya kurudishia. Dawa ni kuufanya mwanga wa flashi utawale usoni: panda hadi shata ya 1/100 au zaidi kidogo, teremsha ISO, na uiache zambarau ibaki kwenye mandharinyuma, ambako inapendeza. Zungumza pia na mtu wa taa kabla shughuli haijaanza. Mara nyingi yuko tayari kuelekeza taa mbili za mbele ukutani badala ya usoni mwa bibi harusi.

Mistari ya giza hutokana na kupepesa kwa taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/50 au 1/100 hukusanya mipepeso kamili na kwa kawaida mistari hutoweka. Taa zilizopunguzwa mwangaza kwa mitambo ya jukwaani hupepesa kwa kasi zake zenyewe, kwa hiyo huna budi kujaribu kasi kadhaa hadi mistari itulie. Na kama kamera yako ni ya kisasa yenye shata ya kielektroniki ya kimya, izime, utumie ya kimakanika. Ile ya kimya huizidisha mistari, na katika kamera nyingi flashi haiwaki kabisa ikiwa inatumika.

*Mhariri, kanisani kwetu paroko hakutaka flashi wakati wa misa. Tufanyeje?* — Msomaji, Iringa

Mtiini. Wengi wa wanaoongoza ibada huruhusu flashi wakati wa maandamano ya kuingia, viapo na pete, na huikataa wakati wa mageuzo na mahubiri. Nenda ukaulize kabla, usisubiri kukemewa mbele ya waumini. Kwa sehemu isiyoruhusiwa, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu zaidi katika chapa nyingi, pamoja na ISO 3200 na shata ya 1/125, hutosha katika makanisa mengi hata jioni. Zima pia taa nyekundu ya kusaidia fokasi, maana nayo huwasumbua watu.

*Ndugu Mhariri, ukumbini familia nzima hupanda jukwaani kupiga picha, watu hata arobaini. Wa mbele hutoka weupe, wa nyuma weusi. Na muziki wa kwanza ukianza, mashine ya moshi huwashwa na picha zote huwa ukungu mtupu.* — Msomaji, Moshi

Mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Ukisimama mita 2 kutoka safu ya mbele, na safu ya nyuma iko mita 4 kutoka kwako, wale wa nyuma wanapata robo ya mwanga wa wenzao, na hapo hakuna mpangilio wa kamera utakaowaokoa. Rudi nyuma hadi safu ya mbele iwe mita 6 na ya nyuma mita 8. Sasa wa nyuma wanapata zaidi kidogo ya nusu, tofauti ambayo macho huivumilia na kompyuta huirekebisha. Kama ukuta wa nyuma yako ni mweupe, uelekezee flashi badala ya watu, na tofauti itapungua zaidi. Wapange pia: wazee wakae kwenye viti, wa kati wasimame, warefu wapande ngazi, na safu zikaribiane. Picha ya watu wengi hudai tundu la f/5.6 hadi f/8, piga kadhaa mfululizo kwa sababu ya wanaofumba macho, na hakikisha flashi imejaa kabla ya kila moja.

Moshi ni habari nyingine. Flashi ya juu ya kamera huumulika moshi ulio kati yako na maharusi kabla ya kuwafikia wao, nao huurudisha mwanga kwako. Iwapo moshi umetanda hadi kifuani, zima flashi kabisa, fungua tundu, shusha shata hadi 1/60 na uziache taa za nyuma ya maharusi ziuchore moshi wenyewe. Picha za namna hii, zenye miali inayopenya nyuma ya wachezaji, ndizo familia huzipenda kuliko zote. Unaweza pia kusubiri, kwa kuwa moshi wa chini hutawanyika kabla wimbo haujaisha. Keki au ndafu ikiingia na fataki, acha flashi iwake kwa nguvu ndogo na shata ya 1/30, ili cheche zipate muda wa kuchora mistari yake na nyuso za wanaoileta zisipotee.

*Betri za flashi yangu huisha kabla ya zawadi kutolewa. Ninunue flashi nyingine?* — Msomaji, Kisumu

Hapana, nunua betri za kuchajiwa za NiMH, seti tatu za nne nne. Betri za alkali za dukani huanza vizuri, lakini haziwezi kutoa umeme mwingi kwa haraka, kwa hiyo kila baada ya picha kadhaa flashi huchukua muda mrefu zaidi kujaa. Andika namba ya seti juu ya kila betri kwa kalamu ya wino usiofutika, usichanganye seti, na usichanganye betri za zamani na mpya, kwa sababu iliyo dhaifu huzivuta zote chini. Badilisha seti mshereheshaji anapotangaza chakula, hata kama iliyomo bado inafanya kazi. Flashi ikipiga kwa nguvu yote mara nyingi mfululizo hupata joto, na nyingine hujizima zenyewe ili zisiungue. Ukihisi harufu au joto kali mkononi, iache ipumzike kwa dakika kadhaa, upande ISO na uendelee na mwanga uliopo.